Mtu Aliye Chini ya Mihuri

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, ili nisikatizwe katikati na watu wa soko la Kashikishi. Wamekuwa wakiisimulia habari hii kwa miaka, kila mmoja kwa namna inayompendeza, na wote wananifanya mimi mjinga. Mjinga sikuwa. Nilikuwa mtu wa ofisi, na hayo ni mambo mawili tofauti hata kama siku ile yalifanana.

Jina langu ni Camille. Kule ng'ambo ya ziwa Mweru, Kilwa ya Congo, nilikuwa karani wa kuandikisha mitumbwi kwa miaka kumi na tisa, mpaka serikali ikasahau kwamba tupo. Nilipovuka kuja Nchelenge, upande wa Zambia, nilibeba vitu viwili vya kazi: mashine ya kuchapa iliyopungukiwa herufi moja, na muhuri wa ofisi, ambao sisi wa Congo tunauita kashe. Wapo wanaosema niliuiba. Sikuuiba. Ofisi ilikufa, kashe ikabaki hai, nami nikaichukua kama unavyomchukua mtoto wa marehemu. Nikajenga kibanda kando ya soko, nikawa nawachapia watu barua za maombi, barua za kesi na barua za mapenzi, na kila karatasi iliyotoka kwangu ilipigwa muhuri, hata zile za mapenzi. Hakuna mchumba aliyelalamika.

Mtu ninayetaka kumweleza ni mtoto wa dada yangu Bénie. Anaitwa Ghislain Mwaka. Alipokuwa na miaka sita alishinda ufukweni akigeuza samaki wa watu na kuuliza majina yao, na akiambiwa jina moja kwa samaki wawili tofauti alilia mpaka mwenye samaki akubali kwamba amekosea. Ukimtuma chumvi alirudi bila chumvi, na mfukoni ana kichwa cha samaki ambaye hajawahi kumwona. Dada yangu alifua magamba kwenye suruali zake utoto wake wote. Hakuwa mtoto wa kutumwa, na mimi nilisema wazi kwamba hatafika popote.

Alifika chuo kikuu. Chuo sitakitaja, maana bado kipo na watu wake wana wepesi wa kuudhika. Masomo ya miaka mitano aliyafanya kwa miaka saba, kwa kuwa mara walimu hawakulipwa, mara milango ilifungwa, mara milango ilifunguliwa lakini walimu walikuwa wameshakwenda kulima. Mwishoni aliandika kitabu cha kurasa themanini na nne juu ya chisense. Kwa wasiowajua, chisense ni dagaa wa ziwa letu, wadogo kuliko kidole cha mtoto, wanaanikwa juu ya mchanga na kuuzwa kwa kopo. Mtu yeyote wa Mweru anawajua chisense kabla hajajua jina la baba yake. Basi aliporudi na habari hiyo watu walicheka wakashika mbavu. Miaka saba, wakasema, anarudi kutwambia chisense ni samaki.

Kicheko alikivumilia. Kilichomuumiza ni karatasi. Siku ya kupewa cheti, wino wa muhuri wa chuo ulikuwa umekauka, na aliyepiga hakujali kuongeza. Ukaonekana nusu mwezi wa zambarau na herufi tatu, basi. Mara mbili alikwenda kuomba kazi, na mara zote mbili waliinua cheti dhidi ya mwanga wa dirisha, wakakigeuza, wakamrudishia. Hakuna aliyemwuliza swali hata moja juu ya samaki.

Vita vilipoanza tena mwaka 1998, alivuka akaja kwangu na begi moja. Akawa anafanya kazi ya kuanika na kugeuza chisense wa akina mama, na siku nyingine anapanda baiskeli mpaka Kabuta kuwanunulia mzigo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Zile kurasa themanini na nne alizifunga kwenye plastiki akazichomeka chini ya bati la nyumba yangu.

Januari ya 1999 likabandikwa tangazo kwenye mlango wa nyumba ya barafu, pale samaki wanapogandishwa. Mradi mmoja wa utafiti kutoka Lusaka ulitaka mtu mmoja wa kukaa ufukweni na kuandika samaki wote wanaotoka ziwani, kwa aina na kwa majina. Awe amesoma. Azijue lugha za pande zote mbili. Awe na anwani ya barua pepe na, ikiwezekana, ukurasa wake mwenyewe kwenye interneti ambapo ujuzi wake unaweza kuonekana. Mwisho wa maombi ulikuwa mwisho wa Machi. Nawakumbusha kwamba Nchelenge nzima siku hizo tulikuwa tunategemea simu ya posta, na ukipiga Mansa ulilazimika kupaza sauti kana kwamba unaita mtumbwi. Watu walikusanyika mbele ya tangazo wakaulizana nani kati yao ana ukurasa. Fanwell, mkaguzi wa samaki wa serikali, aliuliza kama ukurasa huo unapimwa kwa kopo au kwa gunia.

Ghislain hakucheka. Alinakili tangazo lote kwa mkono, akaja kibandani, akangoja mteja wangu aondoke. Sisi mjomba tunamwita yama, na yeye huniita hivyo pale tu anapotaka kitu kikubwa.

"Yama," akasema, "hii kazi njo yangu. Kama sikuipata, minaenda Kitwe kubeba simenti, na samaki sitaangalia tena."

Nilijua hatanii. Mtu huyo hakuwahi kunitania tangu azaliwe. Nikaangalia mikono yake iliyochubuliwa na chumvi, nikahisi uchungu, kisha nikakasirika kwa sababu ya huo uchungu, ndivyo nilivyo. Nikamwambia tutaifanya, na tutaifanya vizuri.

Lusaka tulikuwa na Patson, shemeji wa upande fulani, aliyefanya kazi kwenye duka la kompyuta. Tulimwandikia, naye akamfungulia Ghislain anwani. Mpango ulikuwa hivi. Barua pepe ikitumwa kutoka mwisho wa dunia inafika Lusaka kabla hujapepesa jicho. Patson anaichapa kwenye karatasi, anaitia bahasha, anampa dereva wa basi. Siku ya tatu au ya nne inafika Kashikishi, imenyonya harufu ya magunia ya samaki. Mimi naipokea, naiandika kwenye daftari, naipiga muhuri, ndipo Ghislain anaruhusiwa kuisoma. Barua pepe ya kwanza ilitoka kwa Patson mwenyewe na ilisema: hii ni majaribio, je, imefika? Tulimjibu kwa basi kwamba imefika. Majaribio hayo yalichukua siku tisa, na sote tuliridhika.

Kisha ukaja ukurasa wenyewe. Patson alisema Ghislain aandike karatasi moja tu, atamchapia na kuiweka kule kwenye interneti ili mtu yeyote mwenye kompyuta aione. Ghislain aliandika kwa siku mbili. Jina lake, alikosoma, na chini yake mambo anayoyajua: chisense wanazaa lini, wapi, wanakula nini, ni nyavu gani zinawamaliza. Ilikuwa karatasi safi. Niliisoma mara ya kwanza nikafurahi, nikaisoma mara ya pili nikaingiwa na baridi.

Karatasi ilikuwa uchi. Mtu anajisemea mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba yeye anajua. Nani ataamini? Miaka kumi na tisa nimekaa ofisini na sijaona mtu akiaminiwa kwa kusema. Nilikumbuka wale walioinua cheti chake dhidi ya dirisha, nikaapa kwamba safari hii hakuna atakayeinua kitu. Nikamwambia ukurasa lazima upigwe kashe. Akasema Patson amesema maneno yanatosha. Nikamwuliza Patson, mtoto wa Lusaka, anajua nini kuhusu ofisi. Akairudisha karatasi juu ya meza yangu. Nilidhani amekubali.

Nilianza na muhuri wangu mwenyewe, kisha tukaenda kwa Fanwell, kwa sababu wake ulikuwa wa serikali hai. Fanwell ni mtu mzuri, lakini sheria ameimeza nzima. Akasema hawezi kupiga muhuri wa ukaguzi bila kukagua. Nikamwambia basi akague. Akamsimamisha Ghislain kwenye mwanga, akamtazama macho kama yameng'aa, akamfinya shavu kuona kama nyama inarudi, akamnusa kidogo shingoni kwa heshima, huku akisema samahani mukwai, kama Wabemba wanavyosema kwa adabu. Halafu akapiga: IMEKAGULIWA, INAFAA KULIWA NA BINADAMU, na tarehe. Ulikuwa mweusi, mzito, unaosomeka kutoka mbali. Nilifurahi sana.

Tukaenda kwa Mchungaji Rodwell, ambaye muhuri wake una njiwa. Tukaenda kwa Chalwe, mwenyekiti wa wenye mitumbwi. Mwalimu mkuu akatupa wa shule. Zahanati walikuwa na mmoja tu, wa kliniki ya watoto chini ya miaka mitano, na muuguzi akasema kama unasaidia haina neno. Olipa, mwenye chisense wengi kuliko wanawake wote wa pale, akaleta wa timu yake ya mpira wa pete. Hapo habari ilikuwa imeshaenea, na wale ambao hawakuombwa wakaanza kununa. Mtu alipita mbele ya kibanda changu bila kunisalimu kwa siku tatu, mpaka nilipomkumbuka yeye na muhuri wake wa chama cha mazishi. Mwenye baa hakuwa na muhuri kabisa, akachonga mmoja kwa muhogo, akauleta ukiwa bado unadondosha maji. Ningemkatalia vipi? Ikafika mihuri kumi na minne.

Karatasi ikawa haitoshi. Nikaunganisha mbili, nikaipanga mihuri kwa ukubwa wa cheo, wa Fanwell juu kabisa, wangu wa pili, mingine ikafuata mpaka muhogo. Maneno ya Ghislain yalibanwa chini, nikayachapa kwa mistari ya karibu karibu ili yaenee. Nilipomaliza niliinua kazi yangu nikaona sijawahi kutengeneza dosye, yaani jalada, nzuri kama ile, hata enzi za ofisi.

Ghislain aliipitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Yama," akauliza, "mi niko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Pale chini, nikamwambia, pale pale, mbona unaonekana. Akaikunja mwenyewe taratibu, akaipeleka kwenye basi.

Kwa Patson niliambatisha maagizo. Kila muhuri uonekane na rangi yake, tena kwa ukubwa, asiukate hata mmoja, maana nyuma ya kila muhuri kuna mtu. Patson alitii. Alizipiga picha zote kumi na nne kwa mashine yake, kila moja pana kama sahani ya nshima, ugali wa huku. Mwisho wa Februari akaandika kwamba ukurasa uko hewani na ameshawapigia mradi simu kwamba kuna ukurasa wa Nchelenge, lakini ni mzito. Niliisoma barua hiyo kwa sauti pale sokoni. Mzito! Tulidhani anasifu.

Machi ikaanza. Kila basi lilipofika Ghislain alikuwa amesimama pale, na kila basi lilikuwa na bahasha za wengine. Nikamwambia ofisi zina mwendo wake. Wiki ya pili nikamwambia tena. Wiki ya tatu alianza kuuliza watu nauli ya Kitwe na kama kule simenti inabebwa kichwani au begani. Nilikuwa nachapa barua za watu na kukosea majina.

Zilipobaki siku chache Machi iishe, ikafika barua ya karatasi, yenye stempu, na haikuwa ya Ghislain. Bahasha iliandikwa: Kwa Mkaguzi wa Samaki, Nchelenge. Fanwell akaifungua mbele ya watu, akaisoma kwa Kiingereza, akaisoma tena kwa Kibemba, na mimi nikawatafsiria wa ng'ambo kwa Kiswahili, ndiyo maana naikumbuka vizuri mara tatu.

Ilitoka kwa Daktari Towela, mkuu wa ule mradi. Alisema ofisi yake ina waya mmoja wa simu, na ukurasa kutoka Nchelenge unafunguka kwa kushuka kutoka juu, polepole sana. Siku ya kwanza baada ya dakika ishirini walikuwa wameona kwamba kitu fulani kimekaguliwa na kinafaa kuliwa, wakadhani ni tangazo la bucha. Simu ikakatika. Wamejaribu mara kumi na moja. Siku nzuri kuliko zote walifika kwenye kliniki ya watoto chini ya miaka mitano. Sasa ofisi nzima inakusanyika saa ya chai kuona ni muhuri gani utafuata, na dereva ameshinda mara mbili kwa kubahatisha njiwa na shule. Lakini jina hakuna aliyeliona, wala anwani, na yeye anayeshika orodha ya waombaji anataka kujua kuna nini pale chini. Jumatano atapita ziwani akitoka kaskazini kuelekea Mansa, na siku hiyo hiyo jioni orodha inafungwa. Anaomba Bwana Mkaguzi, ambaye cheo chake ndicho pekee kilichosomeka sawasawa, amsaidie kumpata Mtu Aliye Chini ya Mihuri.

Hapo mtu mwenye akili angesema: basi, Ghislain avae shati, asimame ufukweni. Sisi hatukusema hivyo. Kila mwenye muhuri aliielewa barua kwa namna moja, kwamba muhuri wake umeonekana Lusaka na sasa wakubwa wanakuja kuushukuru. Mchungaji alipiga suti yake pasi. Chalwe alinyoa. Mwenye baa alichonga muhuri mpya, maana wa kwanza ulikuwa umeshaoza. Na mimi? Mimi nilikaa nikachapa hotuba ya kurasa tano juu ya historia ya kashe katika utawala.

Jumatano saa tatu asubuhi gari likaja. Akashuka mwanamke mfupi mwenye miwani, viatu vimejaa vumbi, akatukuta watu kumi na wanne tumejipanga mstari, suti na vitenge vya Jumapili, kila mmoja na muhuri mkononi na kibati cha wino. Alisema ana muda mpaka saa tano tu. Tukamwambia hakuna shida, na Mchungaji akaanza kwa sala. Sala ilikuwa ndefu. Fanwell akaeleza namna ukaguzi ulivyofanyika, hatua kwa hatua, akamtumia muuguzi kama mfano. Chalwe akaanza na mtumbwi wa babu yake. Daktari alikuwa anaitikia kwa kichwa na kuangalia huku na huku, na kila alipofungua mdomo kuuliza, mwingine alipewa nafasi.

Zamu yangu ikafika. Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri, wa pili vizuri zaidi. Kwenye ukurasa wa tatu niliinua macho ili niweke mkazo, nikamwona daktari anatazama saa yake. Nyuma yake, mbali kwenye mchanga, nikamwona Ghislain. Alikuwa peke yake, ameinama, anakusanya chisense wa watu kwa haraka, kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja na wenye chisense wote walikuwa wamekuja kusikiliza hotuba. Hakuna aliyemwekea nafasi kwenye mstari. Hakuna aliyekumbuka hata kumwita. Nami ndiye niliyepanga mstari.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilielewa pale pale, katikati ya sentensi, kwamba nilichofanya kwenye karatasi ndicho ninachofanya sasa kwa mdomo. Mtoto alikuwa amebaki chini kabisa, na sisi kumi na wanne tulikuwa tumemkalia. Nikaacha kusoma. Kiingereza kilinitoka chote, nikasema kwa Kiswahili chetu.

"Mama, siye bote tunyamaze. Mutu mwenyewe ule pale, ku muchanga. Ni mutoto wa dada yangu. Samaki anabajua."

Fanwell alitafsiri, na nampongeza kwamba hakuongeza neno. Daktari akauliza kama kuna karatasi yake. Nilikuwa na cheti chenye nusu mwezi wa zambarau mfukoni mwa koti, nilikibeba kwa tahadhari. Nikaushika mfuko, nikauachia.

"Karatasi haiko," nikamwambia. "Umuulize."

Akavua viatu akatembea mchangani. Sisi tukafuata kwa mbali, mihuri mkononi. Sikuwasikia mwanzo. Nilimwona Ghislain anajifuta mikono kwenye suruali, anasalimu, anarudi kuinama, maana wingu halikuwa na subira. Daktari akamwuliza kitu kwa Kibemba cha kuchanganya. Ghislain akachota konzi ya chisense kutoka kwenye mkeka wa Olipa, akapiga magoti, akaigawa mafungu matatu. Fungu hili, akasema, ni chisense. Hili pia ni chisense lakini hawajawahi kuzaa, wangeachwa wiki sita. Na hili la tatu si chisense kabisa, ni watoto wa samaki aitwaye pale, yule mkubwa tunayemlilia kwamba amepungua. Wamezolewa na nyavu za matundu ya chandarua. Akapasua mmoja kwa ukucha, akatazama tumbo, akasema mzigo huu umetoka kwenye matete upande wa Kabuta, si hapa. Olipa, ambaye aliununua kwa mtu aliyemwapia kwamba ni chisense watupu wa Kashikishi, alitoa neno ambalo Mchungaji alijifanya hakulisikia.

Mvua ikaanza. Ghislain hakuacha kueleza wala hakuacha kuzoa. Daktari akawa anamshikia mdomo wa gunia ili amwagie, na anauliza, na anajibiwa, huku miwani imejaa maji. Hapo sisi nasi tukaona haya, tukavamia mchanga na suti zetu. Mwenyekiti Chalwe alibeba mikeka. Fanwell alizoa kwa kofia ya serikali. Hotuba yangu ililowa, sijui hata niliiacha wapi. Tulipomaliza daktari alitoa daftari lake garini, akamwuliza jina lake ni nani na linaandikwaje, akaliandika kwa herufi kubwa. Ilikuwa imeshapita saa tano.

Kazi alipata. Barua ilikuja kwa basi wiki iliyofuata, nami niliiandika kwenye daftari langu, na nikasahau kuipiga muhuri.

Mwezi wa tano alirudi kutoka mafunzo ya Lusaka, akaja kibandani, akangoja mteja aondoke. Nilijua kuna jambo. Akasema wakubwa wa mradi walioko Ulaya wanataka kusoma yale aliyoandika juu ya chisense, na ukurasa haufunguki hata kule.

"Yama, banasema kashe zote zitoke."

Nikamwuliza: hata yangu? Alitazama kidole chake cha mguu. Mtu aliyekuwa analilia majina ya samaki mpaka watu wazima wakubali hakuweza kunijibu mimi neno moja, na hilo lilinichoma kuliko jibu. Nikamwambia aanze na yangu, ili wengine wasipate cha kulalamikia. Wakalalamika hata hivyo. Fanwell alininunia mpaka kiangazi kikaisha, akisema ukaguzi wa serikali haufutwi na mtu binafsi.

Patson alituma ukurasa mpya umechapwa kwenye karatasi moja. Niliugeuza mbele na nyuma, nikatazama pembe zote nne. Hakukuwa na alama ya mtu yeyote. Nikamwuliza Ghislain sasa unachukua muda gani kufunguka. Akasema hata kikombe cha maji hujakimaliza. Nikamwuliza watu wanaona nini kwanza. Akasema jina.

Mwaka, jina analobeba Ghislain, ni jina la baba yangu. Alikuwa mvuvi, hakujua kusoma. Kila karatasi ya maisha yake, ya mtumbwi, ya kodi, ya ndoa ya Bénie, jina lake niliandika mimi, kisha nikamshika kidole gumba nikakibonyeza kwenye wino, nikakibandika kando ya jina, nikapiga kashe juu yake, maana bila hivyo hakuna ofisi iliyokubali kwamba yeye ndiye yeye, hata ofisi yangu mwenyewe. Baada ya hapo alikuwa anafuta kidole kwenye mchanga na kuniambia asante, bwana karani. Sasa jina hilo lilikuwa limekaa juu ya karatasi nyeupe, halina kidole wala muhuri, na watu wa nchi nisizozijua walikuwa wanalisoma na kuliamini. Nililia mbele ya wateja, na sikuona haya.